Neno la Mkunga wa Kizungu

Mama yangu alikuja nalo Ibra, huku Omani, kutoka Unguja, pamoja na cherehani na masinia mawili ya shaba: neno moja la Kiingereza cha kale. Siliandiki hapa, na msinibembeleze.

Ujanani mwake alimsaidia mkunga wa Kizungu. Mtoto akizaliwa kimya, yule mkunga humwinamia sikioni akalitamka mara moja. Mama alimuuliza maana yake. Akacheka, akasema hata bibi yake kwao hakuijua.

Miaka ya mwanzo ya sabini, wanawake wa mtaani kwetu wakishikwa na uchungu walimwita Mama, naye akaenda na neno lake. Watoto kadhaa waliokwisha kukatiwa tamaa walilia.

Mie nikawa mwalimu wa Kiingereza skuli ya wasichana, kichwa kikanivimba. Siku moja nikalikuta neno katika kamusi kubwa ya skuli. Nikarudi mbio kumwambia: ni neno la kuita, lakini kwa hakika hakuna ajuaye linaita nini. Wengine wanasema lilikuwa la kumrudisha aliyeondoka. Wengine, la kumkaribisha yeyote aliye karibu.

Mama akaweka kikombe chini.

"Na mie miaka yote hii nikimwita nani?"

Hakulitamka tena. Laiti ningeuzuia ulimi wangu.

Mwaka wa pili yake mwanangu wa kwanza aliwahi, gari ya kunipeleka hospitali haijafika. Ilikuwa adhuhuri, jua kali, watu wote wamejifungia ndani. Alitoka rangi ya buluu, kimya. Mama alimsugua mgongo, akampiga nyayo, akampulizia. Wapi.

"Mama, liseme."

"Wallahi siwezi. Simjui nitakayemwita."

Nikampokonya mtoto. Niliogopa, ndiyo, lakini kumzika niliogopa zaidi. Nikamtamkia sikioni.

Pazia la mlangoni likasogea, na upepo siku ile haukuwapo hata kidogo. Mtoto akalia.

Mama hakumtazama yeye. Alitazama mlango, kisha polepole akamgeukia mtoto.

"Karibu, mgeni," akasema.

Wachanga wote kwetu huitwa wageni, siku arobaini za mwanzo. Wangu akaota meno, akayang'oa, akaanza skuli. Mama alimpenda, akamlisha kwa mkono wake, na akamwita mgeni mpaka siku aliyokufa mwenyewe Mama. Jina lake hakulitaja hata mara moja.