Muhuri Nilioupiga Mwanza

Soko la pamba lilipoachiwa watu binafsi, mnunuzi mmoja alijenga ghala pembezoni mwa mji wa Bariadi, akataka barabara ya malori. Ramani ilichorwa na kijana wa ofisi yake. Mimi, mtaalamu wa mipango miji niliyesajiliwa, niliigonga muhuri nikiwa kwenye kiti changu Mwanza. Bariadi sikufika.

Greda lilifuata mstari wa ramani. Likavunja uzio wa minyaa wa kaya moja, likafukua kaburi la mama wa mwenye kaya. Mwanamume yule akatoka ndani na panga. Alimkata dereva begani, akamkata tena mkononi, huku akimlilia mama yake, "Mayu, mayu," hadi majirani walipomwangusha. Yeye akafungwa. Dereva akakatwa mkono hospitalini.

Chama chetu cha wataalamu kikaniita mbele ya kamati ya nidhamu. Nilipiga meza. Nikawaambia sikumpa mtu panga, na ramani ile ilifuata kanuni zote.

Mwenyekiti, mama mmoja mpole, aliikunjua ramani mbele yangu, akaweka kidole mahali pa kaya ile. "Ndugu, mlango wa nyumba hii unatazama wapi?"

Sikujua. Akanyoosha mkono, nikamkabidhi muhuri wangu.

Kwa miaka nililitukana swali lile. Kisha nikakutana na yule dereva stendi ya Bariadi, nami nikamuuliza mlango wa nyumba ile ulitazama wapi.

Hakufikiri hata kidogo. Aliinua kigutu chake, akakielekeza kule jua linakozama.