Nilivyooga Maji ya Kunywa

Tulitoka Nachingwea washikaji watatu, tukapanda mashua ya tanga Lindi kwenda Kilwa. Asubuhi chumvi ilinikera, nikachukua dumu pekee la maji ya kunywa, nikaoga. Nahodha akafoka, "We mtu wa mikorosho, bahari yote hii huioni?"

"Naiona, mzee, ila haijawekwa sukari." Wote wakacheka.

Mchana upepo ukakata, mashua ikasimama. Mmoja wa wale washikaji wangu, wa kijiji cha Mnero, alikuwa ametapika mpaka macho yameingia ndani.

"Mwanangu, nipe maji."

Nikainamisha dumu, yakatoka matone tu. Nikamlowesha ulimi kwa kidole.

"Yote umeogea?"

Akageuka, akaanza kuchota ya bahari kwa kiganja ayanywe, ikabidi nimshike mikono huku analia.