Pete Msumarini

Kando ya mlango wa jiko, juu kidogo ya swichi ya taa, palikuwa na msumari uliopigiliwa kwa ajili ya pete. Hakuna kitu kingine kilichoruhusiwa kutundikwa hapo: si funguo, si kalenda, si mfuko wa vitunguu. Mwenye pete alikuwa fundi wa maturubai katika ghala la nafaka, mtu mrefu, mwembamba, ambaye wenzake kazini walimwita Sindano. Kila asubuhi ya siku ya kufukiza nafaka kwa gesi, aliilainisha pete kwa sabuni hadi ikateleza na kutoka kidoleni, akaitundika msumarini, kisha akavua saa na kuiweka juu ya friji.

"Haya, kapera," mkewe alimuaga. "Ukipata mchumba huko, mwambie ana mke mwenza mwenye mdomo."

"Nitamwambia. Akikimbia, lawama ni zako, Mama Mapacha."

Utani huo ulikuwa na chanzo chake. Gesi waliyoitumia kuua fukusi na dumuzi wanaotoboa nafaka, bromidi ya methili, haionekani kwa macho, na inaweza kumdhuru mtu kabla pua yake haijahisi lolote. Tena ina tabia ya kujibanza. Ikiingia chini ya pete, chini ya mkanda wa saa au ndani ya glavu, hukaa humo na kuibabua ngozi polepole. Ndiyo maana wafukizaji wa ghala lile walivaa barakoa za vichujio usoni, lakini mikono yao waliiacha mitupu. Mgeni aliyewaona aliwadhania wazembe. Wenyewe waliujua utaratibu wao, na hakuna aliyeufuata kwa uaminifu kumzidi Sindano.

Kazi ilifanyika uwanjani, nyuma ya ghala kuu, ambako magunia ya mahindi yalipangwa juu ya vichanja vya mbao hadi yakawa marundo makubwa kama nyumba. Kila rundo lilifunikwa turubai la plastiki hadi chini, na pindo zake zikakandamizwa kwa mifuko mirefu ya mchanga waliyoiita nyoka. Kamba ilizungushwa mbali kidogo, vibao vya hatari vikaning'inizwa, kisha mzee mmoja mcheshi aliyetunza mitungi ya gesi, nao wakamwita Mtungi, akafungua koki. Gesi ilipoingia ya kutosha aliifunga, wote wakarudi nyuma ya kamba, wakavua barakoa na kunywa maji.

Wote, isipokuwa Sindano. Yeye alirudi tena kwenye turubai, uso wazi, akapitisha kiganja juu ya viraka vyake kimoja baada ya kingine, kama mama anayepapasa paji la mtoto mwenye homa.

"Anawaaga wanawe huyo," Mtungi alisema siku moja. "Bado kuwaimbia tu."

"Nikiacha kuvikagua, vikifumuka utavishona wewe?"

"Mimi? Mimi hata kifungo changu cha shati nimekifunga kwa waya."

Wakacheka. Kwa kweli viraka vile vilistahili kutazamwa. Turubai lilipochanika, wengine walizoea kubandika kiraka kwa gundi, na jua la mchana likaibandua. Sindano alikuwa amelelewa na mjomba wake, mshonaji wa vifuniko vya malori, na kwa mjomba huyo gundi ilikuwa kazi ya mtu mvivu. Basi yeye alishona. Mishono yake ilikuwa midogo, iliyobanana, iliyonyooka kama mstari wa rula, na kwa miaka mingi hakuna kiraka chake hata kimoja kilichobanduka. Msimamizi wa ghala aliwaonyesha wageni viraka hivyo kabla ya kuwaonyesha nafaka.

Vidole vilianza kulala taratibu. Mwanzoni ilikuwa ganzi ya asubuhi, ya mtu aliyelalia mkono. Baadaye ganzi ikakaa hadi mchana. Kikombe kilimponyoka, akasema ni sabuni. Alipoyumba kwenye ngazi, akasema ni viatu. Alipotaka kushona nyumbani, alimpa mkewe uzi na sindano amtungie, akasingizia macho, na mkewe akautunga. Sindano hakumwambia mtu, kwa kuwa alijua fika kilichokuwa hatarini: mshonaji asiyehisi ncha ya uzi si mshonaji tena, na yeye hakuwa amejifunza kuwa kitu kingine chochote duniani.

Wakati huohuo mkemia mmoja, binti kijana, alikuwa akija ghalani mara kwa mara. Alitoka katika taasisi ya utafiti, na alitaka kujua bromidi ya methili huishia wapi baada ya kazi: kiasi gani hubaki kwenye unga, kiasi gani hupotea hewani, na kiasi gani huingia katika miili ya wafukizaji. Kwa hiyo aliwaomba damu. Wengine walikunja mikono ya mashati wakatoa. Sindano kila mara alikuwa na shughuli.

"Mzee wangu, hata leo?" mkemia alimuuliza.

"Leo kuna turubai linanisubiri, Daktari. Damu ipo tu, haiendi popote."

Aliyeuvunja mchezo huo alikuwa Mama Mapacha. Jumapili moja Sindano alikaa kibarazani akishona kwapa la shati la shule la mmoja wa mapacha. Mkewe alipokuja kulichukua, alilikuta na madoa mekundu kutoka kola hadi mkono.

"Damu hii ya nani?"

"Damu gani?"

Alimshika mkono, akaugeuza. Kidole cha shahada kilikuwa kimechomwa mara kadhaa, na bado kilikuwa kinatoka damu. Sindano alikitazama kama kidole cha mtu mwingine.

Mkewe hakupaza sauti, na hapo ndipo mume alipojua mambo yamekuwa mazito. Alikaa kando yake kwenye mkeka. "Baba Mapacha, mimi nilikutungia uzi nikasema macho yanazeeka, twende hivyo hivyo. Kumbe si macho."

"Si macho," alikiri.

"Tangu lini?"

"Muda."

"Kesho utampa yule binti damu. Ukimkwepa, nitakuja mwenyewe na beseni, niikinge damu yako mbele ya Mtungi na midomo yake yote."

Alitoa damu. Majibu yalipotoka, mkemia aliwaita yeye na mkewe maabara, chumba chenye meza ndefu nyeupe, mashine iliyokuwa ikinguruma pembeni, na dirisha lililofunguka nusu tu. Alionekana ametatizika.

"Mzee wangu, samahani kwa swali hili. Unatumia dawa yoyote ya usingizi? Zamani chumvi za bromidi zilitumika kutuliza watu, na dawa za namna hiyo bado zinaweza kukutwa huku na kule."

Mama Mapacha aliangua kicheko. "Huyu? Dawa ya usingizi? Mwanangu, huyu akiweka kichwa kwenye mto ni gogo. Tukipata dawa ya kumwamsha, hiyo tutainunua."

Mkemia akacheka pia, kisha akaeleza. Kwenye damu ya Sindano bromidi ilikuwa nyingi kuliko ya wenzake wote, hata ya Mtungi aliyeshinda na mitungi. Alisema jambo hilo lilimnyima raha, kwa sababu kila aliyemuuliza alimwambia Sindano ndiye mwangalifu kuliko wote.

"Lakini inaingiaje kwenye vidole?" Sindano aliuliza.

Mkemia alishika kidole chake kimoja kwa mkono mwingine. "Methili ni kama mtoto aliyeshikwa mkono na bromini, lakini hajatulia. Akiona kingine cha kushika, anamwachia bromini na kurukia huko. Akirukia mwilini mwa fukusi, fukusi anakufa. Akirukia kwenye mishipa yako ya fahamu, vidole vinalala. Bromini aliyeachwa anabaki kwenye damu kama chumvi. Huyo ndiye ninayempima."

"Na vidole vitaamka?"

Mkemia alikiachia kidole chake. "Chumvi itatoka kwa mkojo, wiki kwa wiki, mradi usivute nyingine. Mishipa ina mwendo wake. Huenda ikapona. Siwezi kukuahidi, na sitaki kukudanganya."

Sindano alikuwa amejiandaa kwa maneno ya kufariji, ya kumpa mtu ili aondoke. Miaka baadaye, kila alipokisimulia kisa hiki, alisema shukrani yake kwa binti yule ilianzia hapo, kwenye jibu lisilo tamu.

Kulibaki swali la njia: gesi ilimfikiaje? Siku ya kufukiza iliyofuata, mkemia alikuja uwanjani na taa ndogo ya gesi ya kupikia, iliyofungwa kipande cha shaba juu ya mwali. Aliwaeleza wafukizaji kwamba mwali ukivuta hewa safi hauna rangi ya kutajwa. Ukivuta bromidi ya methili, hata kidogo, unageuka kijani. Ikizidi, unakuwa buluu kali. Kisha akavaa barakoa, akamwamuru Sindano asivuke kamba, akaanza kulizunguka rundo.

Alipita kwenye nyoka za mchanga, mwali haukubadilika. Alipita kwenye mdomo wa bomba, haukubadilika.

"Nyoka zangu hizo," Mtungi alitamba. "Hata pepo hapiti."

Mkemia aliinua taa hadi usawa wa bega, penye kiraka. Mwali ukawa kijani.

Akaishusha, rangi ikapotea. Akaipandisha tena, akaifuata pindo ya kiraka, na kijani nacho kikaifuata: juu, kona, chini, kona, hadi kikalizunguka umbo lote. Akahamia kiraka cha pili. Kijani. Nyuma ya kamba Sindano alivitambua vyote kabla taa haijavifikia: kile cha mwaka wa mvua nyingi, kile chenye kona ya mviringo, kile kikubwa alichokishona siku mapacha walipozaliwa. Mtungi aliinama akajifanya anafunga kamba ya kiatu.

Mkemia alirudi, akavua barakoa. Sindano alimtangulia kusema.

"Ni mishono yangu."

"Kila tundu la sindano ni mlango, mzee wangu. Uzi unapita, lakini hauzibi. Ukipapasa kiraka, uso wako uko pale pale."

"Na mimi nimetoboa matundu mangapi?"

"Mengi sana. Ungekuwa mshonaji mbovu, ungetoboa machache."

Alisema kwa uso mkavu kabisa. Sindano alimtazama, midomo ikamcheza, kisha akacheka hadi akashika magoti. Mtungi aliposikia kicheko alipata ruhusa yake. "Mnaona? Mimi na waya wangu wa kifungo ndio tuko salama!"

Msimamizi alikuwa na sababu za kumlaumu, lakini alikumbuka wageni wote aliowaonyesha viraka vile, akamshika bega tu. Maturubai yaliyoshonwa yaliondolewa kazini. Sindano aliondolewa uwanjani, akapelekwa kwenye taasisi kumsaidia mkemia, kwa maana bromidi ya methili ilikuwa inaelekea mwisho wake kwa vyovyote. Nchi nyingi zilikuwa zimekubaliana kuiacha, kwa sababu huko juu bromini yake hula tabaka la ozoni, na kila mtafiti wa nafaka alikuwa anatafuta cha kuweka mahali pake.

Mkemia alikuwa anajaribu njia isiyo na sumu: kuifungia nafaka ndani ya plastiki nzito isiyopitisha hewa, ili wadudu wenyewe waimalize hewa iliyomo na kufa. Hapo tundu moja la sindano lilitosha kuharibu kila kitu. Ilibidi Sindano ajifunze upya, kuunganisha plastiki kwa chuma cha moto bila kutoboa popote, na miezi ya kwanza aliunguza zaidi ya alivyounganisha. Mkemia naye kona zake zilivuja kila mara. Walikaa sakafuni wakazikunja pamoja, yeye akipima hewa, mzee akikumbuka namna mjomba wake alivyokunja kona za vifuniko vya malori, hadi siku moja kipimo kikatulia na fukusi ndani ya mfuko wakaacha kutembea. Walipeana mikono juu ya gunia, na Sindano akagundua kwamba alikuwa ameuhisi mkono wa mwenzake, ujoto wake, japo kwa mbali.

Hakumwambia mkewe. Aliogopa kusema mapema.

Jumapili moja Mama Mapacha alimletea shati, na kama kawaida akaanza kumtungia uzi. Sindano akanyoosha mkono.

"Lete."

"Macho yamepona?" aliuliza, akimchezea mchezo wake wa zamani.

Aliulamba uzi, akausokota, akalitafuta tundu la sindano kwa ncha za vidole. Ulimponyoka, akaurudia, ukaingia. Alishona polepole, na mishono haikunyooka kama ya zamani. Mkewe alikuwa ameshaingia jikoni aliposikia ukelele.

"Aii!"

Alitoka mbio. Mumewe alikuwa amekishika kidole cha shahada, tone dogo la damu juu yake, macho yamejaa machozi.

"Nini?"

"Inauma," Sindano alisema. "Mama Mapacha, inauma!"

"Kweli inauma?"

"Inauma vibaya sana!"

Mama Mapacha alipiga kigelegele hadi mapacha wakaja kuuliza nani anaolewa. "Mimi," aliwajibu, "tena na huyu huyu." Akaingia jikoni, akaitoa pete msumarini, ambako mumewe aliiacha tangu siku ya mwisho ya kufukiza akisema hatavaa pete asiyoihisi, akaja kumvisha. Haikuhitaji sabuni. Siku ya kufukiza haikuwepo tena ya kumvua.

Asubuhi iliyofuata Sindano alipoingia jikoni kutafuta chai, aliukuta mfuko wa vitunguu umetundikwa kwenye msumari ule. Alisimama akautazama kidogo, akautikisa kwa kidole kimoja kuhisi uzito wake, kisha akaenda kazini.