Mashine Iliyomkatisha Mwalimu Scolastica Wimbo

Mwalimu Scolastica wa Katindiuka hakuumbwa kukaa kitini. Darasani alifundisha akitembea, na hata jikoni alisonga ugali huku mguu mmoja ukipiga mdundo. Miaka kumi na tisa alikuwa akiitungia nyimbo kwaya ya parokia yao. Zamani aliandika kwa penseli. Lakini tangu aliponunua kompyuta ya mezani, mtumba, aliandikia nota humo, akabonyeza, na mashine ikamwimbia sauti zote nne kabla mwanakwaya yeyote hajafungua mdomo.

Mwaka huu, wiki tatu kabla ya Misa ya mavuno, mashine ikaanza vituko. Anaandika vizuri, ghafla kioo kinakuwa bluu, kisha inajizima na kujiwasha yenyewe kama mtu aliyegutuka usingizini. Mara baada ya dakika tano, mara baada ya saa tatu. Ingekuwa na wakati maalumu angeizoea. Hii haikuwa na mpango wowote.

Alishuku umeme, akahamishia waya kwenye soketi nyingine, ikazima. Akashuku joto, akafungua ubavu wa boksi, akapuliza vumbi la pumba lililoganda kwenye feni, ikazima. Akapanda nayo bodaboda, ameipakata kama mtoto mgonjwa, hadi kwa fundi Zakayo mjini. Zakayo akazinakili nyimbo pembeni, akafuta kila kitu, akapiga windozi upya, akaiacha imewaka mchana kutwa. Haikukohoa. Iliporudi nyumbani ilizima kabla Scolastica hajavua viatu.

Jumamosi asubuhi alikuwa kwenye ubeti wa tatu wa wimbo wa mavuno. Sauti ya pili, iliyomsumbua wiki nzima, ilimjia yote kwa mpigo mmoja. Akaiandika mbiombio, hajahifadhi hata mstari, kioo kikawa bluu.

Alitafuta penseli, hakuiona. Akatoka kwenda dukani, anaivumisha ile sauti puani, akijua akinyamaza tu imekwenda. Njiani Bibi Restuta, jirani yake, alikuwa ameanika mpunga kwenye turubai. Scolastica akainua mkono tu, akapita.

"Mwalimu! Leo nimekukosea nini?"

Akasimama. Mama wa umri ule hapitwi bila salamu.

"Shikamoo, bibi. Hujanikosea kitu, nilikuwa tu..."

"Marahaba. Maana umepita unanguruma kama mwenye jino bovu."

Akafungua mdomo aendelee na wimbo. Haukuwepo. Alibaki kutazama kuku wakidonoa mpunga wa watu, machozi yakimlengalenga.

"Bibi, ile mashine itanitia wazimu."

"Kaa basi, unisaidie kufukuza kuku."

Alikaa dakika mbili, akainuka, akampigia Zakayo simu.

"Imerudia," alisema kabla kijana hajamaliza shikamoo.

"Mwalimu, hapa kwangu iliwaka tu, haikupewa kazi. Sasa nashuku kumbukumbu yake. Ukifungua ubavu utaona vipande viwili vyembamba vimesimama wima, ndizo ram. Chomoa kimoja, tumia siku nzima. Kisha kirudishe hicho, uchomoe mwenzake. Itakapozima, kilichobaki ndani ndicho kibovu."

"Mimi? Nikiiharibu je?"

"Izime, toa waya ukutani, shika chuma cha boksi kwanza, umeme wa mwilini ukutoke. Haing'ati, mwalimu."

Akafuata hatua hizo moja moja, kipande kikachomoka. Jumapili baada ya Misa aliiwasha, akazipiga beti mbili za kwanza, tena na tena, sauti zote nne. Kila feni ilipobadili mlio, aliinama kusikiliza. Aliinuka kuchota maji, akarudi kuchungulia. Akaenda kuanua nguo, akarudi. Ikamaliza siku nzima bila kuzima, naye hakujua afurahi au aogope.

Jumatatu baada ya shule akabadilisha vipande. Dakika ishirini, bluu.

"Nimekukamata!" alipiga kelele, peke yake chumbani, akacheka hadi akakaa chini.

Akarudisha kile kizima. Mashine sasa inafunguka taratibu kama lori la mpunga kwenye tope, lakini haizimi. Ile sauti ya pili haikumrudia kamwe. Siku tatu aliisubiri, kisha akaandika nyingine, nyepesi zaidi, na hakuipenda.

Kwenye mazoezi ya Alhamisi, Deogratias, mwenyekiti wa kwaya na mwimba besi, alikuna kidevu.

"Mwalimu, hapa besi tunazama. Tupandishe kidogo."

Alibisha, akaimba mwenyewe, akakubali. Usiku huohuo aliupandisha.

Siku ya mavuno watu walileta magunia ya mpunga, mikungu ya ndizi na kuku waliofungwa miguu, na kwaya ikaimba. Akina mama wa sauti ya pili waliishika vizuri kuliko alivyotegemea. Nje ya kanisa Deogratias akamfuata.

"Kwaya ya Sanje wanauomba huu wimbo. Utawachapia lini?"

"Leo," alisema Scolastica. Chakula cha parokia kilikuwa kinapakuliwa, watu wanamwita apange mstari, naye alikwisha kufika barabarani, akielekea nyumbani kwenye mashine.