Niliisogeza Chupa Kwenye Moto

Mhariri, lifiche jina langu, maana Mbeya hii wapishi tunajuana wote. Nina miaka arobaini na moja, mke na watoto watano, na huu ni mwaka wa kumi na mbili nampikia mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa. Katika nyumba ile, mkubwa wa jikoni ni mimi. Au nilikuwa mimi.

Mwaka jana aliletwa boi wa mezani, Mhehe wa Kalenga, rika langu, aliyejifunza kazi hotelini Iringa. Mpole, hana makuu, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Akishika chupa ya divai nyekundu, hata bwana hunyamaza. Huifungua saa nzima kabla ya chakula, ati ipumue. Nikamwuliza kama divai ina mapafu. Akacheka tu.

Siku moja nilikwisha andaa samaki, wale memsabu, mke wa bwana, anaowasifia kwa wageni. Mhehe akatoa chupa, akasema mbele yangu, "Hii nyekundu inataka nyama, memsabu. Itamshinda samaki." Memsabu akanigeukia: "Mpishi, oka kondoo." Miaka yote hiyo mimi ndiye niliyeamua kitakacholiwa mezani, leo naamriwa na chupa! Kwa wivu, usiku ule sikulala.

Juni hii walikuja wageni. Divai ile hainywewi baridi, na baridi ya huku mnaijua, basi Mhehe akaiweka chupa jikoni kwangu, mbali kidogo na jiko, ipate uvuguvugu. "Kaka, uniangalizie," akasema, akaenda kupanga meza. Nikaisogeza mpaka ikagusa chuma. Nikaendelea na kondoo wangu huku napiga mluzi. Ilipopata moto sawasawa nikairudisha mahali pake. Kengele ikalia, akaja mbio, akaibeba kwa kitambaa chake cheupe, hakuhisi kitu.

Nikachungulia mlangoni. Mgeni alipoonja akaitema kwenye leso. Bwana akafoka kwamba analetewa chai. Mhehe akasema, "Kosa ni langu, bwana. Niliiweka karibu na moto."

Akarudi jikoni macho mekundu. "Kaka, hivi niliiweka karibu sana?"

Nikamjibu, "Karibu mno, ndugu yangu."

Amepewa hadi mwisho wa mwezi afunge mizigo, na kazi ya divai nimepewa mimi. Nilichokitaka nimekipata, na sina raha. Nikisema kweli, atakayefukuzwa ni mimi na watoto watano.

Na huyo huyo ndiye anayenifundisha. Kila alasiri anakuja na kizibuo chake, ambacho anasema ataniachia. Jana aliushika mkono wangu, akaubandika kwenye chupa.

"Joto likifika hapa inatosha, kaka. Usije ukakosea kama mimi."

Ndugu wasomaji, mwezi unakwisha. Nianze kumwambia memsabu, au nianze na Mhehe mwenyewe?