Wimbo Uliopanda Mto

Niliolewa mbali, karibu na Kipini, mto unakoishia baharini. Kwetu ni Kulesa, huko juu, na mwaka wa kwanza wa ndoa yangu vijiji vya juu vilivamiwa. Watu wakakimbia kila mmoja njia yake. Sikujua kama mama yu hai, naye hakujua kama nilifika salama kwa mume. Barua? Nani kwetu alijua kuandika?

Mpunga ulipoanza kuzaa nilipandishwa dunguni, lile jukwaa la miti la kufukuzia ndege, kombeo mkononi. Dunguni hukai kimya. Ndege wakizoea ukimya, mpunga huna. Nikatunga wimbo wangu:

*Mto kushuka washuka, kupanda haukujua;*
*mama, nani akwambie mwanao bado apumua?*

Mama mkwe aliusikia akakasirika. "Mke wa mwanangu, imba nyimbo za hapa. Watu watasema twakunyima chakula."

Siku mbili niliimba za hapa. Ya tatu nikaurudia wangu, kwa sauti kubwa zaidi. Kiburi nilizaliwa nacho, na siku hiyo nilikitumia chote.

Shamba letu lilikuwa ukingoni. Wapiga pondo waliopandisha mitumbwi kwa miti yao mirefu, siku baada ya siku, walikuwa wakipumzika chini ya dungu langu. Kazi yao haiendi bila wimbo. Wakauchukua wangu bila kuniomba, kama mpita njia anavyochuma hindi bichi, nami sikujua.

Tukavuna, tukapanda tena, mpunga ukazaa tena. Asubuhi moja nikiwa dunguni nilisikia mitumbwi ikishuka, na watu wakiimba maneno yangu. Kichwa kikanivimba! Kisha wakaimba mengine, ambayo sikuyatunga mimi:

*Mwanangu, pumua sana, mimi nipo nasikia;*
*mtungi hakuvunja mbuzi, tangu siku ile nilijua.*

Kombeo likaniponyoka, likaanguka chini. Mtungi wa maji niliuvunja nikiwa mtoto, nikamsingizia mbuzi, na mbuzi wetu akapigwa. Habari hiyo haikutoka nje ya nyumba yetu. Ni mtu mmoja tu duniani ambaye angeweza kunisuta hivyo, tena mbele ya mto mzima, na maiti hawasuti.

"Wewe ndiwe mvunja mtungi?" wapiga pondo wakaniuliza huku wakicheka.

"Ndimi!" nikapiga kelele, machozi yananitoka. Sijawahi kuona fahari kama ile, si siku ya harusi, si siku niliyojifungua. Kumbe mto unapanda. Mimi ndiye niliyeupandisha.

Mama mkwe alikuwa chini anapalilia, na alisikia yote. Aliliokota kombeo langu, akalipangusa tope kwa upindo wa nguo yake, akaninyooshea.

"Tunga upesi," alisema. "Hawa wakirudi wakukute na jibu. Mamako yuwangoja."