Misumari Minane ya Chumba cha Vanishi

Shangazi yangu hakukubali kuugua kimyakimya, na namshukuru kwa hilo. Wapo waliotaka aende nyumbani akakohoe taratibu, na wa kwanza wao alikuwa baba yangu, kaka yake wa tumbo moja, seremala asiye na simile. Babu aliwaachia karakana wote wawili: baba akate na kuunga mbao, shangazi azipige vanishi. Meza ikitoka mikononi mwa shangazi ungeweza kujitazama ukachana nywele, ndiyo maana wateja walimwita Kioo.

Chumba cha vanishi kilikuwa na dirisha moja, na babu alilikomea kwa misumari minane kabla sijazaliwa. Vanishi mbichi hushika kila chembe ya vumbi, kwa hiyo kwetu kutaja tu kulifungua lilikuwa kosa kubwa kuliko kuvunja msumeno. Shangazi alijifungia humo miaka kumi na tisa, kitambaa puani, akipulizia vanishi iliyochanganywa na dawa ya kukaushia haraka. Tulijiona mafundi kwelikweli. Tulikuwa wajinga, na ninajihesabu humo, maana aliyekuwa akipiga msasa ni mimi.

Ilianza kama kikohozi cha jioni, kisha kifua kikawa kinapiga filimbi. Watu wakagawa maradhi bure: mara baridi, mara moyo, mara jicho la watu. Siku shangazi alipokaa chini katikati ya kazi, akivuta hewa isiyotaka kuingia, baba alitoa hukumu.

"Mama alikuwa na pumu, na wewe umeirithi. Hiyo ni damu tu. Mwezi ukiisha kaa nyumbani, nitatafuta fundi mwingine."

"Unanimwagisha unga kwenye karakana ya baba yangu?" Maneno yalimtoka vipande vipande. "Mwezi haujaisha, kaka. Tutaonana."

Nilimsindikiza hospitali. Daktari, mama mmoja mwenye haraka kidogo, alimuuliza swali ambalo sisi hatukuwahi kuuliza: "Kifua hiki hukaa vizuri lini?"

"Nilipokwenda kumlea binti yangu alipojifungua. Wiki tatu sikukohoa. Nikadhani ni furaha ya mjukuu."

"Mjukuu ana sifa zake, lakini hatibu pumu."

Alimpulizisha kwenye mashine, akampa dawa ya kuvuta, akangoja robo saa, akampulizisha tena. Pumzi ilipanda waziwazi. Ni pumu, akasema: mirija ya hewa imevimba kwa ndani, na ikichokozwa hubana. Moshi huichokoza, vumbi, mafua, hata baridi ya asubuhi. Kurithi kunaweza kumweka mtu karibu na pumu, lakini huyu alifika miaka arobaini na moja bila kuijua, basi kuna kitu kimemsukuma. Akampa kijibomba chenye mshale unaopima nguvu ya pumzi. Apulize mara nne kwa siku, siku za kazi na za mapumziko, aandike mshale ulipofika, na dawa ya kuvuta isitoke mfukoni.

Mwingine angeandika kwenye daftari. Shangazi alitundika kipande cha plaiwudi mbele ya meza ya randa, mahali ambapo baba asingeweza kukikwepa, akaweka nukta kwa penseli ya seremala. Siku za kazi mstari ulishuka. Siku mbili za mapumziko ukapanda. Ukashuka tena, ukapanda tena, hadi ukafanana na meno ya msumeno.

"Umejichorea tu," baba alinung'unika.

"Kama ni damu ya mama, kaka, mbona inapumzika mwisho wa wiki?"

Baba akashika randa yake. Nilitamani kucheka, nikajizuia.

Daktari alipouona mchoro alisema mchokozi ni ile dawa ya kukaushia. Mvuke wake haujali kitambaa, na sasa hata kidogo tu kingetosha kumbana. Asiikaribie tena kabisa.

"Si nilikwambia?" Baba aliruka tuliporudi karakana na habari hiyo. "Kaa nyumbani!"

"Ameniambia niachane na dawa. Hakuniambia niachane na kazi. Inayohama hapa ni dawa." Alikwisha kuuliza madukani: ipo vanishi ya maji, inapakwa kwa brashi, inakauka polepole, na inataka dirisha wazi.

"Wateja wanataka kioo!"

Shangazi akatoa mfukoni kijibomba kipya alichomnunulia. "Puliza."

Baba alipuliza akicheka. Mshale ulisimama chini kuliko siku mbaya kabisa ya shangazi. Akapuliza tena bila kucheka. Mara ya tatu alikohoa kile kikohozi ambacho nyumbani tulikuwa tumekizoea. Yeye ndiye aliyekuwa akiikoroga ile dawa kila asubuhi, kwa kijiti, akiwa ameinamia kopo.

Shangazi alimwekea nukta yake kwenye plaiwudi. Hakushangilia. Macho yalimjaa machozi ya hasira, hasira kwa baba, kwa babu, kwa miaka yote ile. Akachukua nyundo ya babu, akaingia chumbani, akang'oa misumari saba, akipumzika kila baada ya miwili.

"Wa nane ni wako," alimwambia baba. "Na kesho tunakwenda wote kwa daktari."

Baba aliung'oa. Dirisha lilikuwa limegoma, wakalisukuma kwa mabega, yeye na dada yake, mpaka likafunguka. Upepo uliingia na vumbi la uani, likatua juu ya meza mbichi niliyokuwa nimeisugua siku mbili. Baba aliliona vumbi, na dirisha hakulifunga.